Neno Nililolitia Mwenyewe

Bagamoyo, Jumanne, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuhura,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na najua hurudi kabla ya Magharibi, maana kila nyumba watakutilia chai na kila nyumba watalia. Basi nimefunga mlango wa uani, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari langu la kisomo cha watu wazima liko mapajani, naandika. Hati yangu unaijua, kama kuku kapita kwenye unga. Vumilia hivyohivyo.

Sitakuambia uvae sweta. Habari ya sweta umeshaambiwa na mtaa mzima, na wengi wao hawajapata kuona baridi hata ya Lushoto. Habari za chakula na sala baba'ko ameshakuambia jana. Mie nna jambo moja tu, na nna hasira nalo, hasira tele, naweza kumgawia kila mtu fungu lake na bado likabaki la kwangu mwenyewe, ambalo ndo kubwa kuliko yote.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho unaondoka kwenda Uingereza kusoma, na wewe unajijua huna mchumba. Unaye. Umeposwa na watu wa Zinga, Bi Mgeni kakuposea mwanawe Sefu, na jibu la kukubali nimelipeleka mie. Kanga zao na pete yao viko chini ya godoro langu tangu mfungo sita.

Usiichane hii barua. Nichukie ukitaka, lakini ukiwa umeshafika mwisho.

Juzi Jumapili Bi Mgeni kaleta ujumbe hapa. Kasema mchumba wao haendi nchi za watu bila ya ndoa. Ama uozeshwe kabla ya kuondoka, ama safari isimame. Na baba'ko, ambaye neno lake kalitoa kwa watu kwa sababu mie nilimwambia umekubali, siku nzima hakugusa cherehani yake. Wewe ulikuwa unafunga sanduku, unaimba. Mie nakupita mlangoni na bakuli la maharage, nataka kusema, sisemi. Mie, Tatu, ambaye siku zote habari ikiingia mtaa wa chini, mtaa wa juu wanaipata kwangu bado ina moto. Nimeshindwa kusema.

Hebu nirudi nyuma, maana ukisoma hivihivi utaniona mwendawazimu.

Unaikumbuka Ramadhani ile ulokuja na mabunda ya makaratasi ya kompyuta kutoka kazini kwenu Dar? Mie nachagua mchele ukumbini, wewe umetandaza karatasi zako zenye visanduku, kila herufi na kisanduku chake. Nikakuuliza, hasa mnaiambia nini hiyo kompyuta, nayo inasikia vipi. Ukanieleza. Nilikuwa nimefunga, kiu imenikamata, lakini nilikusikiliza kwa sababu ilikuwa kama habari za watu.

Ukaniambia zamani, na si zamani hasa, wewe ulikuwa unatambaa, mashine hizo zilikuwa hazijui ila namba. Mtu akitaka kuituma akae aandike namba tupu, ukurasa juu ya ukurasa, na akiziangalia baada ya wiki mwenyewe hajui alikuwa anataka nini. Watu wakachoka. Wakasema tutunge lugha iliyo karibu na maneno ya watu, halafu katikati tumweke mfasiri, naye si mtu, ni programu humohumo ndani ya mashine, ayasome maneno yetu ayageuze namba. Nikakwambia haya, nipe sifa za lugha hizo mojamoja, kama unaniletea habari za mabinti wa mtaani.

Ukasema Fotrani ndo dada mkubwa. Huyo katungwa kwa ajili ya wenye hesabu, hana maneno mengi, anasema kama mtu anayeandika hesabu ubaoni. Wakati anatungwa wale mafundi wa namba walicheka, wakasema mfasiri wa mashine hawezi kuandika amri nzuri kama mtu. Basi waliomtunga wakajikaza miaka, mfasiri wao akawa hodari, mpaka wale wenye kucheka wakaja wenyewe kuomba.

Koboli ndo wa pili. Huyo kazaliwa kwenye kikao cha watu wengi, wa serikali na wa makampuni, na alokazania maneno yawe ya kawaida alikuwa mwanamke mmoja, mwanajeshi wa majini. Yule mama alisema mkubwa wa ofisi asojua mashine naye aweze kusoma kilichoandikwa. Kwa hiyo Koboli anasema mambo yote kwa kirefu, sentensi nzima, na mwisho anatia nukta. Wasomi wa vyuo vikuu wanamdharau, wanasema ana domo. Nikakwambia huyo ndo mie. Ukacheka mpaka karatasi ikapeperuka.

Halafu Algoli, mzuri wa sura. Kikao chake kilikuwa cha wataalamu kutoka nchi mbalimbali, wakaandika sheria zake zote karatasini hata kabla hajawekwa ndani ya mashine. Maofisini hawakumchukua sana, lakini kila lugha ilotungwa nyuma yake imeiga mshono wake. Huyo ukaniambia ni kama nyumba yenye vyumba, na jina linalotumika chumbani sebuleni halijulikani. Nikakwambia siipendi nyumba hiyo, watu wanaishije.

Yote hayo nimeyashika, mwanangu, nisiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini lililobaki limenikaa kooni ni lile la mwisho. Ulinionyesha karatasi ndefu ilotoka kwenye mashine, makosa yamejaa juu mpaka chini. Nikadhani umeharibu kazi ya mwezi. Ukasema hapana, kosa ni moja, nukta haikutiwa hapa, mfasiri akapotea njia mpaka mwisho wa ukurasa. Nikaona ujinga gani huu. Nikasema, sasa huyo mfasiri wenu hana akili? Anaona kabisa pametakiwa nukta, si angeitia mwenyewe kazi iendelee?

Ukanitazama, ukaniambia, "Mama, akianza kunitilia mwenyewe, mie nitajuaje nimesema nini?"

Ukaongeza kwamba wapo waliojaribu kutunga mfasiri wa kujaza mwenyewe anapoona pengo, na watu wakawa wanapata majibu mazuri ya maswali wasiyouliza. Mie nikarudi kwenye mchele wangu. Nilikwambia nimechoka na swaumu. Sikuchoka na swaumu. Lilinipata.

Maana mie ndo kazi yangu tangu ujana. Mtu anataka kuposa, ananipitia mie kwanza, niende kwa wanawake wa ile nyumba, nionje maji, halafu ndo wazee waende na barua. Baba wa binti akitaka kujua binti anasemaje, haulizi mwenyewe, ananituma mie. Na mie nilijiona fundi. Mtu akisema neno kavu, nalitia nazi. Akisema neno chungu, nalifunga kwenye jani. Watu wakanisifu, Bi Tatu mdomo wake una asali, akienda posa hairudi. Mfasiri wenu akiona kosa anairudisha karatasi. Mie sikupata kurudisha karatasi ya mtu. Niliona makosa yote, nikayapamba.

Sasa nikupe lile la Rehema, maana hujui, na umekuwa ukiuliza tangu mdogo kwa nini mama'ko mdogo akija hapa kutoka Mkange anakula kwa jirani.

Alokuja kumposa Rehema alikuwa mtu wa Vigwaza, mfanyabiashara wa mbao. Alinikalisha akanipa maneno yake wazi kabisa. Kasema anaye mke kwao, hamwachi, na kama Rehema ataridhia hivyo atamweka vizuri, na kama haridhii basi asije halafu akalia. Maneno ya mtu mzima, mwanangu. Angeyapata Rehema kama yalivyo, angeamua mwenyewe. Lakini mie nilimwona mdogo wangu amekaa nyumbani muda mrefu, na bwana yule ana heshima, nikaona kwa nini neno moja liharibu. Nikamwambia Rehema kwamba kuna mambo yake Vigwaza anayamaliza.

Alifika Vigwaza akakuta hayo mambo yanapika, yana watoto wanne. Na yule mke mwenza alikuwa kaambiwa kila kitu na mumewe, anamshangaa huyu mgeni analia nini na yeye alikubali. Rehema akamuuliza mumewe mbona ulinificha, mumewe akamwambia nimekuficha lini, muulize dada'ko. Alikaa miaka pale. Aliporudi Mkange hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye hakuolewa na mwanamume yule, aliolewa na maneno yangu. Toka hapo chai yangu hanywi.

Utasema basi ungekoma. Sikukoma. Nilijiambia Rehema ana kinyongo. Ndo maana nakwambia fungu kubwa la hasira ni langu.

Sasa njoo Dar. Nilipokuja ofisini kwenu mwaka jana ulidhani nimekuja kukuona tu. Nilikuja kukuuliza habari ya Sefu, baba'ko kanituma. Unakumbuka nilivyoingia na kikapu changu, kile chumba baridi kama ndani ya mtungi, makabati yanaunguruma, na yule bwana mkubwa wenu akanijia akaniambia polepole, kama anaongea na mtoto, kwamba binti yangu hapa anatoboa kadi za kuilisha mashine, na kuandika programu ni kazi ya wanaume wenye hesabu. Akasema hiyo Koboli yenyewe ni lugha ya makarani, na wewe umejifunza kwa kuchungulia.

Na juu ya meza karatasi yako ipo. Nikaisogelea. Mie wa kisomo, niloanza kusoma na mvi kichwani, nikaisoma. JINA-LA-MWALIMU. SHULE-YAKE. MIAKA-KAZINI. Nikayarudia tena, Zuhura. Kumbe majina ya vitu mwandishi anajipangia mwenyewe, na wewe umeyapanga kwa lugha yetu. Ila kati yake kulikuwa na maneno mengine siyajui, ukaniambia hizo ndo amri, hizo hazibadiliki, zimetungwa Kiingereza. Yule bwana akasema hata hayo majina atayafuta, kazi iwe na sura ya kisasa.

Nikamuuliza, "Na mwalimu mwenyewe, mzee, mtambadilisha naye?"

Wale wasichana wa kadi wakacheka, yeye hakucheka. Mpaka leo nna hasira naye. Lakini baadaye nilifikiri, hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko yeye. Watu wamekaa kikao wakasema watunge lugha asome kila mtu, na hicho kila mtu hakikufika Bagamoyo. Vitu viwe vyetu, amri ziwe zao. Hapo mwanangu ukifika huko uliza vizuri. Usiulize kwa adabu mno.

Tukatoka, tukasimama kwenye ngazi, nikakuuliza habari ya Sefu. Na wewe ulinijibu taratibu, neno baada ya neno, kama unaandika kwenye visanduku vyako. Ulisema, "Mwambie baba naenda kusoma kwanza. Nikirudi, kama Sefu bado anataka, aje aniulize mwenyewe. Sijasema ndiyo, sijasema siyo."

Nikarudi Bagamoyo. Njia nzima nayatazama maneno yako, nayaona hayana sura. Hayaingii popote. Baba'ko atayapokea vipi, Bi Mgeni atayameza vipi, mtoto wa kike anasema kijana aje amuulize mwenyewe. Na nikuambie ukweli wote, nilikuwa na hofu. Nilimwona yule bwana anavyokutazama, nikasema huyu mtoto watamvunja huko, angalau awe na nyumba ya kurudia. Nilipofika, baba'ko akaweka mkasi chini, akauliza umesemaje. Nikasema, "Amekubali, ila anaomba asubiriwe amalize masomo."

Umeona? Karibu yote nimeyabakiza. Masomo yamo, kusubiri kumo, nimetia neno moja tu. Amekubali. Baba'ko akalichukua akampelekea shemejiye Bi Mgeni, mume wa dada'ke, yule akalipeleka Zinga, zikaja kanga, ikaja pete, zikaja pongezi, wote nikawaambia wasikutajie, mtoto ana haya, na kila mtu katika hao ni mkweli. Mwongo ni mmoja, naye kakaa uani anakaanga samaki.

Leo asubuhi nimekwenda Zinga. Sikumwambia mtu. Nilizitoa kanga chini ya godoro, nikazifunga, pete ndani. Bi Mgeni nilimkuta nyuma ya duka lao anapepeta kunde, Sefu yuko mbele anapima sukari. Tukaamkiana vizuri, tukaulizana hali, akadhani nimeleta siku ya ndoa. Kanikalisha kwenye kiti cha kamba, kanipa na mto.

Nikamwambia, Bi Mgeni, nimekuja kukupa maneno ya Zuhura kama alivyoyasema, siongezi wala sipunguzi, na lile nililokuletea mwanzo mie ndo nililitia. Nikamtolea yote. Unakwenda kusoma kwanza. Ukirudi, kama Sefu anataka, aje akuulize mwenyewe. Hukusema ndiyo, hukusema siyo.

Ungo ukasimama. Akaniangalia, halafu akasema, "Tangu usichana wangu unatuletea maneno, Tatu. Leo ndo unatuambia hayakuwa ya wenyewe?"

Nikasema mengine yalikuwa ya wenyewe.

Akaniuliza mangapi. Nikaanza kuyahesabu kwa vidole, nikaacha. Hapo ndo ikamjia, niliona inavyomjia, usoni, polepole. Maana posa yangu ya kwanza kabisa, nimeolewa mwaka uleule, ilikuwa ya Bi Mgeni mwenyewe. Mie ndo nilopeleka neno la marehemu mumewe. Na tangu hapo, mwanangu, hakuna arusi ya Bagamoyo wala ya Zinga ambayo Bi Mgeni hakusimulia kwamba mumewe alimtaja yeye kwa jina, katika dada wawili, alimtaja yeye.

Akasema, "Na la kwangu?"

Zuhura, pale nilikuwa na maneno matamu tele. Yamejipanga mlangoni. Mume kashakufa, nani atajua. Na hasira zikanipanda, si juu yake, juu ya huu mdomo wangu unaotaka kusema tena. Nikamjibu. Alisema yeyote katika wale wawili, mradi ni wa nyumba ile. Jina nililitia mie.

Hakulia. Alinyanyuka akakung'uta kunde mapajani, akachukua lile furushi la kanga, akalirusha mpaka njiani mbele ya duka, watu wanaona, Sefu kasimama na mzani mkononi. Akasema nitoke. Nikasema natoka, lakini neno la mtoto nimekupa, muache asafiri. Akasema, na hili nakuwekea kama alivyolisema, maana ana haki nalo.

"Sitapokea neno la Zuhura kinywani mwako. Hata hili la leo, nitajuaje ni lake?"

Na kweli, mwanangu. Hilo sikuwa nimeliwazia. Nilidhani nikisema ukweli nitaaminiwa kwa sababu ni ukweli. Nimekwenda na maneno yako kamili, mara ya kwanza katika maisha yangu sikutia kitu, na hayana kazi, kwa sababu yamepita kwangu.

Bi Mgeni kasema anampa baba'ko mpaka Ijumaa ya juma lijalo. Ikifika siku hiyo hakuna maandishi ya mkono wako mwenyewe, atakwenda kwa sheikh na mashahidi, kwamba baba'ko katoa neno akalirudisha, na hapo jina la baba'ko, ambaye hajapata kumkatia mtu kitambaa kifupi, litatajwa barazani na kila mtu.

Nimerudi kwa mguu nusu ya njia. Kanga sikuziokota, kaziokota Sefu. Nina hasira na Bi Mgeni kwa kuniaibisha mbele ya watu. Nina hasira na Sefu, kijana mzuri wa sura, mapenzi yake yote yamepita vinywani mwa wanawake na yeye hajatamka hata moja. Nina hasira hata na huyo mfasiri wenu wa ndani ya mashine, nakwambia kweli. Yeye anarudisha karatasi, basi. Haoni uso wa mtu. Mie nimeona uso wa Bi Mgeni leo na sijui kama nimefanya vema au nimemdhulumu mara ya pili. Usinijibu hilo. Wewe bado mdogo, na hata ukubwani sidhani linajibika.

Nilipofika nikamwambia baba'ko. Yote, na la Rehema, na la ngazini. Alikuwa anashona kanzu ya mtu wa maulidi. Hakunipigia kelele, ungefikiri nimemwambia mvua inakuja. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema, "Neno langu lilisimama juu ya neno lake. Kama lake halikuwepo, langu halikuwepo. Kesho anasafiri." Halafu akaniambia kitu kimoja zaidi, kwamba tangu leo mtu akija kutaka nipeleke posa, atamjibu yeye, kwamba mke wake hapeleki tena. Nikasema sawa. Nimeandika hapa uani nikiwa mwanamke asiye na kazi.

Basi hilo ndo nililotaka kukupa. Sijui kama ni nasaha. Ukifika huko watu watakuja na namna nyingi za kukurahisishia. Watasema ulichotaka kusema ni hiki, ngoja nikuandikie. Wengine watakuwa na mapenzi na wewe ya kweli, kama mie. Hao ndo uwaogope kidogo. Na wewe nawe, maana una damu yangu, siku utakapokaa kwenye kikao cha kutunga lugha nyingine, na utakaa, usiwe hodari wa kujaza. Mtu akikosea mrudishie karatasi yake, mwonyeshe pengo, akae nalo. Atakutukana. Mie nilikutukania mfasiri wako nina mchele mkononi.

Shangazi zako wameanza kusikika kule njiani, nasikia sauti ya mkubwa wao, basi nafupisha.

Barua hii naiweka ndani ya Msahafu wako mdogo, nimemwambia baba'ko asikuambie kitu mpaka mko Dar. Pamoja nayo kuna karatasi tupu na bahasha. Juu ya bahasha nimeandika jina la Bi Mgeni, Zinga, na stempu nimeibandika, basi, hakuna jingine. Kwenye karatasi sikutia hata salamu. Kabla hujapanda ndege kaa mahali, andika. Ukitaka andika ndiyo. Ukitaka andika siyo, au yaleyale ya ngazini, au jambo ambalo hata kichwani kwangu halijapita. Ifunge mwenyewe kwa mate yako, itie posta ya hapo Dar kwa mkono wako. Usimpe baba'ko ailete huku, atanipa mie niipeleke kwa sababu ya mazoea.

Na mie usiniambie ulichoandika. Nitakisikia mtaani kama wenzangu.

Mama'ko,
Tatu